MTOTO MWENYE ULEMAVU WA AKILI SI WA MAMA PEKE YAKE

Mama anayemleta hospitalini mtoto mwenye ulemavu wa akili kwa kawaida huwa na maswali mawili. La kwanza hulitoa haraka, hata kabla hajaketi: "Sista, mtoto huyu atapona lini?" La pili hulitoa baada ya miezi au miaka, tena kwa sauti ya chini: "Nikifa, atabaki na nani?"

Swali la kwanza lina jibu fupi. Ulemavu wa akili si ugonjwa unaoponywa kwa vidonge wala kwa sindano. Swali la pili ndilo zito, na jibu lake halipo hospitalini. Lipo kwa baba wa mtoto, kwa shangazi na wajomba, kwa majirani wanaopakana kihamba kwa kihamba, kwa jumuiya ndogondogo, kwa shule na kwa serikali ya kijiji. Katika ukurasa wetu wa mwezi huu tutaeleza ulemavu huu ni nini, ni misaada gani inayopatikana hapa Moshi na huku mlimani, na kila mmoja wetu anaweza kufanya nini ili mama huyo asiachwe peke yake.

Ulemavu wa akili ni nini?

Ulemavu wa akili maana yake ni kwamba ubongo wa mtoto haukukua sawasawa au ulipata madhara akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya utoto. Kwa sababu hiyo mtoto huchelewa kujifunza mambo ambayo wenzake huyashika bila kufundishwa sana: kuketi, kutembea, kusema, kula mwenyewe, kuvaa, kuhesabu na kutambua hatari. Huchelewa, lakini hujifunza. Tafadhali tulishike neno hilo: hujifunza.

Wengi huchanganya ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote, hata msomi, katika umri wowote, na mara nyingi hutulizwa kwa dawa. Ulemavu wa akili huanza utotoni na mtu huishi nao. Ni kweli kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, lakini tusidhani kwamba kila mwenye ulemavu wa akili ni "kichaa". Vilevile tuache majina kama zezeta na taahira. Mtoto ana jina lake la ubatizo na la nyumbani. Tumwite kwa jina hilo.

Wataalamu hukadiria kwamba katika kila watu 100, mmoja hadi watatu wana ulemavu wa akili, na walio wengi kati yao wanao kwa kiwango chepesi. Basi tufanye hesabu ndogo. Parokia yenye waumini 3,000 ingetazamiwa kuwa na watu 30 au zaidi wa namna hiyo. Je, siku ya Jumapili tunawaona wangapi? Wale tusiowaona wako wapi?

Baadhi ya watoto hawa wana shida nyingine pamoja na hiyo. Wapo wenye mtindio wa ubongo, ambao viungo vyao hukakamaa au hulegea. Wapo wenye kifafa. Wapo wenye usonji, ambao hupata shida kuzungumza na kuhusiana na wenzao, na hupenda kurudiarudia jambo moja. Wapo pia wenye hali ya Down, ambao huonekana kwa sura yao tangu kuzaliwa. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliwaeleza watoto hao mwaka 1866. Mwaka 1959 Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza chanzo chake: chembe za mwili wa mtoto zina kromosomu moja ya ziada. Hilo hutokea katika ukoo wowote, kwa tajiri na kwa maskini. Wala si kosa la mama.

Hutokana na nini?

Tunaposikia kwamba mtoto amerogwa, au kwamba ni laana ya ukoo, au kwamba mama alimcheka mlemavu alipokuwa mjamzito, tujue kwamba huko ni kutafuta wa kulaumiwa. Visababishi vinavyojulikana ni kama hivi:

(i) Mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, hasa uchungu unapochukua muda mrefu na mama akachelewa kufika hospitalini.

(ii) Kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo sana.

(iii) Manjano makali katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Mtoto mwenye macho na ngozi ya njano apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kumwanika juani hakutoshi.

(iv) Malaria kali inayopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, na degedege lililodumu.

(v) Upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito. Upungufu huo ndio uletao rovu, na zamani ulisumbua sana watu wa maeneo ya milimani. Tununue chumvi yenye madini joto.

(vi) Pombe wakati wa ujauzito. Hapa sharti tuseme wazi. Mbege ni kinywaji cha heshima katika sherehe zetu, lakini ni pombe, na hupita kwa mama hadi kwenye ubongo wa mtoto. Mama mjamzito asinywe mbege, bia wala pombe nyingine, hata bakuli moja la kuonja.

(vii) Matatizo ya kromosomu na mengine ya kuzaliwa nayo.

Kwa watoto wengi chanzo hakijulikani kabisa. Mama mzazi, ukiambiwa hivyo usiendelee kuzunguka kwa waganga ukiuza mbuzi na kuku. Fedha hiyo itamfaa zaidi mtoto kwa nauli ya mazoezi.

Dalili za kuangalia mapema

Mtoto anayegunduliwa akiwa na miezi 8 hufaidika kuliko anayegunduliwa akiwa na miaka 8, kwa maana ubongo mchanga hujifunza upesi. Mlete mtoto kliniki na useme bila kuona haya ikiwa: hatabasamu akichekeshwa anapotimiza miezi 3, shingo yake haijakaza kwa miezi 4 au 5, hawezi kuketi bila kushikwa kwa miezi 9, hatembei kwa miezi 18, hasemi neno lolote kwa miezi 18, au haunganishi maneno mawili kwa miaka 2, hageuki akiitwa, au ameacha jambo alilokuwa ameshaliweza. Hilo la mwisho lisingoje tarehe ya kliniki.

Kuchelewa peke yake si hukumu. Watoto wengine huchelewa kidogo na baadaye huwafikia wenzao. Wengine hawasikii vizuri, na watu hudhani ni wazito wa akili. Ndiyo maana mtoto hupimwa masikio na macho pia.

Mama akiachwa peke yake

Hebu tuangalie yanayotokea katika nyumba nyingi. Mtoto anapokuwa mdogo, mama humbeba mgongoni akaenda naye shambani, sokoni na kliniki. Kadiri mtoto anavyokua, mgongo wa mama unashindwa. Mtoto wa miaka 9 hawezi kubebwa kwenye njia zetu za mteremko hadi barabarani. Basi kliniki inaachwa. Mazoezi yanaachwa. Viungo vinakunjamana na kukauka. Mama akienda kukata majani ya ng'ombe, hana wa kumwachia, hivyo anamfungia ndani. Majirani husema, "Ana roho mbaya, anamfungia mtoto." Lakini jirani huyohuyo hajawahi kusema, "Mama, leo nenda wewe, mimi nitakaa naye."

Tena, mara nyingi baba hujitenga. Wengine huhamia mjini, wengine husema, "Katika ukoo wetu hakuna watoto kama hawa." Mama hubaki na mtoto, na lawama, na kazi. Kuna mama mmoja aliyenieleza kwamba kwa miaka 6 hakuwahi kuhudhuria mazishi wala harusi yoyote. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na wa kumwachia mtoto.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulio nje tunauona mwepesi. Ukweli ni kwamba mama anapochoka kabisa, mtoto ndiye anayeumia: halishwi kwa wakati, hageuzwi kitandani, hazungumzishwi. Kwa hiyo kumpumzisha mama ni sehemu ya matibabu ya mtoto.

Msaada ulio karibu na nyumbani

Katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani zamani watu wenye ulemavu wa akili walikusanywa katika majumba makubwa mbali na kwao. Humo wengi walisahauliwa, wengine walitendewa vibaya, na katika karne iliyopita mengi ya majumba hayo yalianza kufungwa. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba huduma ya afya ianze pale watu wanapoishi. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaeneza mpango wa utengemao katika jamii, yaani kumfundisha mlemavu na familia yake nyumbani kwao kwa msaada wa majirani na wahudumu wa kijijini, na mwaka 2010 likatoa mwongozo mpya wa kazi hiyo.

Hapa kwetu tuna bahati ya kuwa na misaada ambayo mikoa mingine haina. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina madaktari wa watoto, wataalamu wa mazoezi ya viungo, na wataalamu wa tiba kwa vitendo, yaani wale wanaomfundisha mtoto kula, kuvaa na kucheza kwa kutumia shughuli za kila siku. Katika eneo hilohilo kipo chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, vifaa vya kunyooshea viungo na viti vya magurudumu.

Kule Kimashuku wilayani Hai kipo kituo cha Gabriella, kilichoanzishwa mwaka 2009, kinachohudumia watoto wenye ulemavu wa akili na usonji na kuwafundisha wazazi wao. Ndugu zetu wa KKKT, Dayosisi ya Kaskazini, wakisaidiana na shirika la Mosaic la Marekani, walianzisha mpango wa kujenga jamii inayojali, unaofahamika kwa kifupi kama BCC. Mpango huo ulifungua vituo vya kutwa katika sharika za Moshi na maeneo ya jirani: mtoto huenda asubuhi, hula, hucheza, hufanya mazoezi na kurudi nyumbani, na mama hupata saa chache za kufanya kazi. Jambo la kujifunza ni kwamba hawakungoja majengo mapya. Walianza na vyumba vya kanisa ambavyo katikati ya juma huwa vimefungwa. Parokia zetu nazo zina vyumba vya namna hiyo.

Kwa upande wa shule, baadhi ya shule za msingi za serikali zina vitengo vya watoto wenye ulemavu wa akili, na Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, hufundisha walimu wa elimu maalumu. Mzazi aulize kwa afisa elimu wa kata kitengo kilicho karibu.

Sheria nayo ipo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa utaratibu huo kila kijiji au mtaa, kata na halmashauri inapaswa kuwa na kamati ya watu wenye ulemavu. Ulizeni katika mkutano wa kijiji: kamati yetu ni akina nani, na imewatembelea watoto wangapi? Vilevile, katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Ofisi ya maendeleo ya jamii ndiyo inayoeleza masharti yake.

Mafundisho ya nyumbani

Hata huduma zikiwa nzuri kiasi gani, mtoto hukaa na mtaalamu saa moja, na nyumbani hukaa siku nzima. Kwa hiyo mwalimu mkuu ni nyumba. Haya ni machache ya kuanzia.

Kulisha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asilishwe akiwa amelala chali wala kichwa kikiwa kimeinamishwa nyuma, maana chakula huingia katika njia ya hewa, na ndiyo sababu ya vichomi visivyokwisha. Aketishwe wima, kidevu kikielekea chini kidogo. Tumia kijiko kidogo, ngoja ameze ndipo umpe kingine. Mtori mzito uliopondwa vizuri humezeka kwa urahisi kuliko uji mwepesi au maji.

Kuketi. Mtoto asiyeweza kuketi asilazwe kutwa nzima. Fundi wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha pembe, chenye migongo miwili inayokutana, na kimeza mbele. Huko Zimbabwe ilibuniwa njia ya kutengeneza viti kwa karatasi kuukuu na maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga, na vituo vingi vya Afrika vimeiga. Gharama yake ni ndogo sana. Kabla ya kumkalisha humo mara ya kwanza, mtaalamu apime kama kinamfaa.

Kufundisha hatua kwa hatua. Kazi tunayoiona moja kwa kweli ni kazi nyingi. Kunawa mikono ni kukunja mikono ya shati, kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza na kufuta. Mfundishe hatua moja tu kwa wiki moja au zaidi, tena anza na ile ya mwisho. Wewe fanya zote, yeye afute kwa taulo, kisha msifu. Akiweza kufuta, mwongezee kusuuza. Kwa njia hii kila siku anamaliza kazi yeye mwenyewe, naye hufurahi.

Kazi za kihamba. Kihamba chetu ni darasa. Mtoto anaweza kujifunza kumpelekea mbuzi majani, kuokota mayai, kutenganisha kahawa nyekundu na mbichi, kubeba kikombe cha maji, kupanga ndizi. Asinyimwe kazi kwa huruma. Kazi ndogo anayoiweza humpa heshima mbele ya ndugu zake.

Kifafa. Mwaka 2009 watafiti walichunguza watoto 38,523 wa miaka 6 hadi 14 wilayani Hai, wakawakuta 112 wenye kifafa, yaani karibu watatu katika kila 1,000. Wengi wao walikuwa pia na matatizo ya kujifunza au ya mwenendo. Dawa za kifafa zipo na hazina budi kumezwa kila siku. Zikikatwa ghafla degedege hurudi kwa nguvu. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, mwepushe na moto. Usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimmwagie maji. Kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa mate. Degedege likipita dakika 5, au likirudia kabla hajapata fahamu, mkimbizeni hospitali.

Jumuiya ifanye nini?

Tuchukue mfano wa jumuiya yenye nyumba 12, na moja ya majirani ana mtoto wa namna hii. Jumuiya ikikubaliana kumsaidia mama alasiri mbili kila wiki, kila nyumba itapata zamu moja baada ya wiki 6. Nani kati yetu atasema kwamba alasiri moja katika wiki 6 ni mzigo? Lakini kwa mama huyo ni alasiri mbili kila wiki za kwenda sokoni, kulima, kufua au kulala.

Zamu iandikwe, isiachwe hewani. Kabla ya kuanza, wale wa zamu waende kwa mama wajifunze jinsi ya kumlisha mtoto, kumgeuza na kumpa dawa. Wawe wawili wawili wakati wote, na wawe watu wazima wanaoaminika. Aidha jumuiya inaweza kuchangia nauli ya kliniki, kumtafutia mtoto fundi wa kiti, kutengeneza njia ya mteremko mlangoni, na kumwandikisha katika mafundisho ya komunyo pamoja na wenzake. WAWATA na vijana wana nafasi kubwa hapa. Akina baba nao waende kumwona yule baba aliyejitenga. Mara nyingi hana mtu wa kuzungumza naye.

Lipo jambo jingine tunaloona haya kulisema. Watoto hawa, wasichana na wavulana, hudhulumiwa kimwili kwa urahisi kwa sababu hawawezi kusema au hawaaminiki wakisema. Mara nyingi mhalifu ni mtu wanayemfahamu. Tuwafundishe mapema sehemu za mwili ambazo mtu hagusi, na kusema "hapana". Likitokea, tusikae kikao cha ukoo kupatana kwa mbuzi na mbege. Mtoto afikishwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na taarifa ipelekwe polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116.

Wazazi wakishaondoka

Sasa turudi kwa lile swali la pili. Zamani lilikuwa halijitokezi sana, kwa sababu watoto wengi wenye ulemavu mkubwa walifariki wakiwa wadogo. Siku hizi, kwa chanjo na tiba bora, wengi hufikia utu uzima. Katika nchi tajiri watu wengi wenye hali ya Down huishi hadi miaka 60. Kwa hiyo tutegemee kwamba mtoto atamzika mama yake, na tujiandae.

Kwanza, apate kazi ya mikono kadiri ya uwezo wake: kufuga kuku, kufuma vikapu, kupalilia, kuosha vyombo. Anayeweza kunawa, kuvaa na kufanya kazi mbili tatu za nyumbani hupokelewa na ndugu kwa moyo mweupe zaidi kuliko asiyefundishwa lolote.

Pili, azoee watu wengine mama angali hai. Alale kwa shangazi wiki moja wakati wa likizo, ajue nyumba ya mjomba. Asiyewahi kulala penginepo atapata mshtuko mkubwa siku ya msiba.

Tatu, suala la kihamba. Kwa desturi yetu ya Kichagga nyumba ya mzee humwendea kitinda mimba wa kiume, na mkubwa hupata sehemu yake. Mwenye ulemavu wa akili huambiwa, "Huyu atakaa kwa nduguye." Ndugu akioa, au akiuza, au akifa, anakwenda wapi? Wazazi wamtaje katika wosia ulioandikwa: chumba chake ni kipi, migomba na mbuzi wake ni ipi, na mlezi wake ni nani. Mlezi aulizwe kwanza na akubali, na awekwe wa pili kama wa kwanza atashindwa. Mambo hayo yasomwe mbele ya ukoo na mashahidi wasio wa ukoo. Asiyejua pa kuanzia aende ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Na hapa Moshi lipo shirika la KWIECO, ambalo limewasaidia wanawake wengi kwa ushauri wa sheria, mirathi ikiwa miongoni mwake.

Ndugu wasomaji, hujafa hujaumbika. Ajali ya pikipiki au homa moja inaweza kumweka yeyote kati yetu katika hali ya kuhitaji kulishwa na kugeuzwa.

Basi, mwenyekiti wa jumuiya, katika mkutano wenu ujao uliza jambo moja: ni nyumba ipi kati yetu yenye mtoto ambaye hatujamwona siku nyingi? Kisha chagueni wawili waende kupiga hodi. Wasiende na maneno mengi. Wachukue mkungu wa ndizi, wamsalimie mtoto kwa jina lake, na wamuulize mama ni siku gani ya wiki anahitaji kutoka.